Kwetu Pacha Haliliwi, Huimbiwa

Wasomaji, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Namshukuru mwenye ukurasa huu kwa kulificha jina langu, maana huku kwetu neno likitoka asubuhi, jioni limeshafika kwa mama mkwe. Mimi ni mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano. Mama yangu anasema nilizaliwa mwaka wa nzige, hesabuni wenyewe. Naishi upande wa Geita, mume wangu ni mchimbaji wa dhahabu. Nina mtoto mmoja wa kike, Doto, wa miaka minne. Anayejua majina ya mapacha kwetu ameshaelewa kwamba alikuwepo na Kulwa.

Nilikulia karibu na Mhunze. Baba yangu alikuwa mpiga ngoma wa walimaji, maana kwetu shamba kubwa la pamba halilimwi kimya. Watu wanajipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mwenye ngoma anakwenda mbele yao. Wakati wa ile vita kuu ya Wazungu, watu wazima wakinong'ona habari za vijana waliochukuliwa, mimi nilikuwa nakimbia nyuma ya ngoma ya baba, tope mpaka magotini. Mama aniite nikachote maji, wapi! "Huyu ataolewa na ngoma," alikuwa akisema.

Nilipokuwa msichana nikawa naitwa kuimba kila penye mapacha. Nyimbo zile ni za matusi, msishangae, ndiyo mila. Mama wa mapacha anatukanwa, naye anajibu, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nilikuwa namjibia mama aliyechoka, na sikuwa na mpinzani. Mume wangu aliniona huko huko, nikiwafanya wazee wafunike nyuso. Nilijisikia sana, sitaki kudanganya.

Kisha nikazaa Kulwa na Doto. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote nilikuwa napiga kelele tu. Nilikuwa nawaimbia polepole, mmoja mgongoni, mwingine kifuani, mpaka wote wawili wanalegea. Kulwa alikuwa na tabia ya kunishika kidevu nikiimba. Nilikuwa na furaha, jamani, furaha ya kweli.

Walikuwa wameanza kutembea homa ilipomchukua Kulwa. Nikafungua mdomo nilie, mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu. "Mama Kulwa, pacha haliliwi. Ukilia, unamwita na huyu aliyebaki. Imba."

Basi wanawake wakaja na nyimbo zilezile. Wakanitukana, nami nikawajibu, Doto nimemfunga mgongoni, na shimo liko mbele yangu. Nilicheka pale walipotaka nicheke. Watu wakaondoka wakinisifu kwamba nimejikaza. Tangu siku ile wakaanza kuniita Mama Doto, na tangu siku ile sauti yangu ya kuimba haikutoka tena. Katekista aliponiambia niache nyimbo za kipagani nikamjibu asihangaike, hata za kanisani siwezi. Jirani akipiga santuri yake, mimi nachukua ndoo naenda kisimani na maji ninayo.

Shida ni kwamba kwa ukoo wa mume wangu, kila mavuno mama wa mapacha huwaimbia nyimbo hizohizo watoto wote wawili, aliye hai na aliyekufa. Mavuno mawili nimejisingizia ugonjwa. Safari hii mama mkwe amesema hapana. "Doto anakua kwenye nyumba ya kimya. Usipomwimbia, atamfuata mwenzake. Mavuno haya uimbe, au namchukua, akalelewe kwangu." Msimtukane. Hana roho mbaya, na yeye alimzika mmoja wa mapacha aliowazaa, akaimba. Mume wangu ameshakubali. Nilipomlilia shida yangu akasema, "Imba tu, mke wangu. Ni wimbo tu huo."

Juzi nikaenda shambani peke yangu nijaribu. Nilitaka wimbo wa kulimia, wa baba. Haukuja. Ukaja ule wa kaburini, na matusi yake yote, ukatoka kwa sauti ambayo niliidhani imekufa. Nikaimba huku machozi yanadondoka kwenye jembe. Ndiyo, nilimlilia. Kwa mara ya kwanza nilimlilia mwanangu, na ninajua ni mwiko, na sasa Doto akikohoa tu roho yangu inaruka.

Kumbe alikuwa amenifuata. Nilipogeuka nilimkuta kati ya matuta anacheza. Anatikisa mabega, anapiga makofi, anacheka kwa nguvu. Mtoto huyu hakumbuki hata siku moja kumsikia mama yake akiimba, na wimbo wake wa kwanza ndio ule tuliomzikia dada yake. Nikanyamaza ghafla. Akanikimbilia, akanivuta khanga. "Mayu, endelea! Mayu, endelea!"

Sikuweza. Nikamwambia koo linaniuma.

Ndugu zangu, pamba imeanza kupasuka, na mama mkwe ametuma salamu kwamba yuko njiani. Nishaurini, hasa ninyi akina mama mliowahi kuzika pacha. Nimwimbie Doto wimbo ule mbele za watu, nicheke tena kama siku ile, ili nibaki naye? Au nimwache aende kwa bibi yake, akaimbiwe na wenye sauti? Nijibuni upesi, maana mwenzenu nimechoka kudanganya. Kila asubuhi mtoto ananiletea maji kwenye kikombe, ananiuliza kama koo limepona.