Mama Ganzi na Mkono wa Mchomeleaji

Hospitalini wote walimwita Mama Ganzi, hata karani aliyekuwa na jina lake kamili kwenye faili. Alikuwa muuguzi wa usingizi kwa mwaka wa ishirini na moja sasa, na kwa miezi minne alikuwa peke yake, maana mwenzake alihamishwa na wa kuziba pengo hakuletwa. Asubuhi aliingia chumba cha upasuaji sakafu ikiwa bado na majimaji ya deki. Jioni alitoka miguu ikiwaka moto. Mumewe, mwalimu mstaafu, alishazoea kumwona akisinzia mezani na kijiko mkononi.

Jumatano moja, mgonjwa wa nne alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mashine ya kukatia vyuma ilimponyoka, diski ikapita kiganjani na kukata kano za vidole viwili. Mama Ganzi alipomsikiliza kifua, akasikia mluzi.

"Una pumu, baba?"

"Tangu utoto. Moshi wa kazi umeniongezea, na wiki hii mafua nayo hayajaniacha."

Daktari wa upasuaji, kijana mwenye haraka zake, alichungulia mlangoni. "Mama, mpe nusukaputi tumalize. Bado kuna wawili wanasubiri."

Mama Ganzi alimkumbuka mgonjwa mwingine mwenye kifua kama hicho, aliyelazwa kwa nusukaputi mwaka uliopita. Kumlaza haikuwa kazi. Kumwamsha ndiko kulikochukua siku tatu za mashine ya kupumulia, na siku zile tatu yeye hakupata lepe la usingizi.

"Huyu simlazi," alisema. "Nitaulaza mkono peke yake."

"Ganzi ya mkono mzima inataka nusu saa!"

"Basi kanywe chai, mwanangu."

Fundi akamtolea macho. "Yaani mtanikata naona?"

"Tutaweka pazia. Utakuwa macho, mkono ndio utalala."

"Na mdomo?"

"Huo sina dawa yake."

Akamlaza chali, akamwinua mkono mpaka kiganja kilichofungwa bendeji kikawa karibu na kichwa, akapaka kwapa dawa ya kuua vijidudu. Mashine ndogo ya picha ikamwonyesha mshipa mkubwa wa damu ukidunda, na mishipa ya fahamu imeuzunguka kama vishada vidogo. Mgongo ulimuuma kwa kuinama, na macho yalikuwa mazito. Alisogeza sindano kidogo kidogo, akamwaga dawa pembeni ya mshipa mmoja, akahamia mwingine.

Baada ya dakika ishirini alipitisha pamba yenye spiriti kwenye ngozi. "Baridi?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Kidole cha mwisho?"

"Hapo naisikia, mama. Baridi kabisa."

Mama Ganzi alifumba macho kidogo. Mshipa mmoja ulikuwa umemkwepa. Daktari alishavaa glavu na kusimama mikono juu, na mtu mwingine angesema inatosha. Yeye alivuta stuli, akaketi, akamchoma tena karibu na kiwiko. Wakasubiri dakika kumi nyingine, fundi akauliza kama chai ya daktari ilikuwa na sukari. Walipojaribu tena, kidole hakikusikia kitu.

Upasuaji ulichukua saa moja na nusu. Fundi alisimulia habari za mageti ya watu wakubwa mpaka daktari mwenyewe akacheka. Kisha fundi akageuza shingo, akamtazama Mama Ganzi aliyekuwa ameegemea ukuta karibu na kichwa chake.

"Mama, mbona kama wewe ndiye mgonjwa? Umekula lakini?"

Ilikuwa saa nane mchana. Hakuwa amekula, na hakuna aliyekuwa amemuuliza wiki nzima. Alijibu, "Nitakula," akajifanya anarekebisha mpira wa dripu, kwa kuwa machozi yalikuwa karibu.

Saa kumi na moja na nusu, mkoba ukiwa begani, alipitia wodini. Fundi alikuwa ameketi kitandani, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na vidonge viwili vya maumivu vikiwa juu ya kabati bila kuguswa.

"Mbona hujameza?"

"Siumwi, mama. Vya nini?"

"Huumwi kwa sababu mkono umelala. Ukiamka kabla hujameza, utapiga kelele wodi nzima isilale."

Mke wa fundi, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, akashika kikombe cha maji, akamtazama mumewe kwa jicho moja tu, vidonge vikashuka. Kisha akamsogezea Mama Ganzi kiti. "Kaa kidogo, dada. Gari halitakukimbia."

Akakaa kwa dakika moja, alivyodhani. Alipozinduka, saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na robo, na mabega yake yalikuwa yamefunikwa khanga ya yule mama. Fundi alikuwa akikitazama kidole gumba chake kikijikunja polepole.

"Kinarudi," alisema. "Kinauma, ila maumivu ya kuvumilika."

Mama Ganzi alikigusa kidole; kilikuwa na joto. Akamwambia muuguzi wa zamu saa ya vidonge vingine, akarudisha khanga, akashukuru, akatoka kuelekea kituoni akitembea taratibu. Kesho yake orodha ya upasuaji ilikuwa na watu sita.