Kengele ya Punda

Mambo yaliyopata kunishtua mimi si mengi. Nilikuwapo Mwaya siku meli ya Mdachi ilipopiga honi, watu wazima wakajitupa ndani ya matete, mimi nikabaki nimesimama na mzigo wangu kichwani. Nimeitwa bomani mbele ya bwana shauri, hakimu wa Wadachi, nikamtazama usoni. Nimeiona sotoka ikilaza ng'ombe wa nchi nzima, mizoga imejaa mashamba hadi ndege wakashiba. Yote hayo niliyapita na miguu yangu. Kilichokuja kunigandisha ni sauti ya mwanamke mmoja, ndani ya zizi langu mwenyewe, mchana kweupe.

Nianze na zizi lenyewe.

Sikurithi hata kwato. Baba yangu aliniachia jembe lililolika na jina zuri, basi. Nilibeba mizigo ya Wazungu kutoka ziwani kupanda hadi bomani mlimani, nikarudi nikalima mpunga wakati wenzangu wanasema ndizi zinatosha, nikawauzia askari mchele. Kwa wamisionari nilikaa kiasi cha kuzishika herufi, nikaona zinanitosha, nikaondoka. Msomaji akikuta maneno yangu yamekaa upande, ajue hakuna aliyenishikia mkono.

Baada ya sotoka nilipanda tena milimani nikashuka na ng'ombe wangu. Nikawajengea nyumba ndefu ya mianzi kwenye kiinuko kilicho nyuma ya migomba yangu. Kiinuko hicho ndicho kilichonipa jina. Nchi yetu ya Kyela ni tambarare, na kila masika mito inatoka kitandani mwake, inalala mashambani. Ng'ombe mzima ataogelea. Ndama haogelei, wala aliyevunjika mguu. Basi watu wakaanza kuniletea wanyama wao wabovu: ndama waliofiwa na mama, mbuzi vipofu, ng'ombe mwenye kidonda cha chui. Sikumkataa hata mmoja. Mjane jirani yangu alileta mtamba wake mwekundu, mnyama pekee aliyekuwa naye duniani, akaniambia, "Huyu akifa, mimi sina mlango wa kupiga hodi." Nikamjibu, kwangu hafi mnyama.

Hata punda nilikuwa naye. Msafara wa Mzungu mmoja ulimwacha njiani akiwa kiwete, kengele ya shaba shingoni. Nikamkokota hadi nyumbani. Mwenzangu wa rika, ambaye tumekua pamoja tangu tukichunga, alicheka hadi akakaa chini. "Huwezi kumla, huwezi kumkamua, huwezi kumtolea mahari. Umeleta mgeni, mwenzangu, hukuleta mnyama."

Zizi likajaa. Wanyama walilala wamebanana kama samaki wa kukausha, na upande wa zamani sakafu yake ilikuwa chini, nguzo zimeanza kuliwa na mchwa. Mwaka mmoja maji yalifika kwenye kizingiti. Nikajua masika yanayofuata yataingia ndani. Nikamwambia mwenzangu wa rika kwamba nitaongeza ubavu mpya upande wa juu, wenye sakafu iliyoinuliwa, na nitaujenga peke yangu kama nilivyojenga kila kitu.

Siku niliyochagua kuanza, nilitoka asubuhi na panga langu, nikashtuka. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Rika langu lote lilikuwapo, na mianzi begani. Vijana walikuwa wamefika na nyasi za kuezeka na kamba za mgomba. Kutoka Lyulilo wafinyanzi walikuwa wameleta kwa mtumbwi vyungu vikubwa vya pombe ya wajenzi, wala hawakutaka malipo. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alisema, "Mwaka jana mbuzi wetu alilala kwako. Ulidhani tumesahau?" Mimi sina desturi ya kukosa neno. Siku ile nilisema "ndaga" tu, asante yetu, nikageuka nikajifanya natazama mianzi.

Kazi iligawanywa kama inavyogawanywa siku zote. Wanaume mianzi na paa, wanawake udongo. Udongo ulichimbwa bondeni kando ya kijito, ukapandishwa kwa vikapu, ukamwagwa, ukashindiliwa kwa miguu hadi sakafu ipande kufikia goti. Bila sakafu ile, paa ni kivuli tu.

Paa lilikwenda mbio. Sakafu haikwenda.

Sikuelewa. Nilikuwa nikiteremka bondeni kuwaona wachimbaji, nakuta majembe yamelala, vikapu vimeachwa njiani vimejaa nusu, na hakuna mtu. Narudi juu, nakuta udongo umemwagwa haukushindiliwa, na nyayo mbichi zinaelekea migombani. Wanabaki vikongwe wawili watatu wananitazama kama ng'ombe watazamavyo mvua. Nikaona dawa yake ni kusimamia. Nikachukua kigoda changu nikakiweka pale njia ya bondeni inapopandia, niwaone wote wanaopita. Nikakaa pale tangu asubuhi hadi jioni. Siku ile hakikupanda kikapu.

"Wanawake wa nchi hii wameharibika," nilimwambia mwenzangu wa rika. "Wanakunywa pombe ya wajenzi halafu wanakimbia kazi."

Yeye alikuwa juu ya paa, anafunga nyasi. "Mwenzangu, wewe ni jua," alisema. "Ukichomoza, umande wote unakimbia."

Nikaona amenisifu. Nikakaa vizuri zaidi juu ya kigoda.

Jioni mke wangu aliniwekea chakula, hakuondoka. Alikaa mbele yangu, jambo ambalo hulifanya akiwa na ugomvi.

"Baba, sakafu itaisha lini?"

"Waulize wanawake wenzako."

"Nimewauliza. Wanasema itaisha siku utakayokufa."

Nikalirudisha tonge bakulini. Akaendelea taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. "Mke wa mwanao yuko kati ya wale wanaobeba. Na wake za wana wa ndugu zako wote. Uliwahesabu kuwa nani? Kila ukikohoa wanatupa vikapu wanakimbia. Na wenzao wanakimbia nao ili wawafiche. Leo umekaa njiani kutwa. Wamekaa migombani kutwa, ndani ya siafu. Mkamwana wako ana mimba, Baba, na siku zote hizi unamkimbiza matopeni kama mwizi."

Msomaji asiye wa kwetu inabidi aambiwe. Kwetu mke wa mwanangu hanioni, nami simwoni. Hapiti njia niliyopo, haingii nyumba niliyomo, hanisemeshi. Tukikutana kwa bahati mbaya atajifunika nguo usoni na kugeukia kando mpaka nipite. Si chuki, ni heshima, na ni hofu pia, maana wanasema mwanamke anayeivunja anaweza kukauka tumbo. Mkamwana wangu alikuwa na adabu hata nilikuwa simjui umbo. Mwaka mzima tangu aolewe nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba sijawahi kuona hata kisigino chake. Sasa kitu usichokiona utakijuaje kwamba kipo mbele yako kinabeba udongo?

Nilishtuka hivi kwamba sikumaliza chakula. Mimi niliyesimamia mizigo ya Wazungu milimani bila kupotea hata mmoja, mimi ndiye niliyekuwa nimeisimamisha kazi ya zizi langu.

Asubuhi mwenzangu wa rika alikuja na kengele ya punda mkononi, ameifungia kamba. Mke wangu alikuwa amekwisha kumwambia. "Vaa," alisema. "Wakikusikia toka mbali, watapisha bila kukimbia. Kazi itaendelea."

"Mimi nivae kengele ya punda?"

"Punda mwenyewe hana kinyongo. Tumemwuliza."

Wajenzi wote juu ya paa walicheka. Nikaikataa. Nikaichukua tu ili wasiendelee kucheka, nikaitupa juu ya kigoda, nikaenda shambani kwangu kwenye mpunga, mbali, nikakaa huko. Na kweli, nikiwa huko, nilisikia wanawake wakiimba bondeni, na wimbo unapanda na kushuka njia nzima bila kukatika. Jioni nilichungulia. Sakafu ilikuwa imepanda. Siku iliyofuata ilipanda zaidi. Ilibaki pembe moja tu.

Halafu mlima ukawa mweusi. Kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini kule juu kulikuwa kumefungwa, na sisi tunajua maana yake. Kabla ya adhuhuri mto ulikuwa umetoka. Maji hayakuja kwa kelele. Yalikuja yakitambaa kati ya mashina ya migomba, ya rangi ya chai, na majani makavu yakielea juu yake.

Nilikimbia kutoka shambani, maji yananifika kwenye magoti. Nilipofika watu walikuwa wamekwisha kuwavusha wanyama kuwaingiza ubavu mpya, ndama wanabebwa, punda anavutwa masikio. Mjane alikuwa amesimama nje mikono kichwani. "Mwekundu wangu," alisema. "Anazaa. Amelala kule chini, hataki kuinuka."

Nikakumbuka neno nililompa. Sikumsikiliza tena mtu. Nikaingia ubavu wa zamani kwa mlango wa nyuma, ule wa pekee uliokuwa umebaki, maana wa mbele ulikuwa umezibwa na matope. Ndani kulikuwa na giza la moshi na harufu ya samadi iliyolowa. Mtamba alikuwa amelala kwenye maji, ndama ametoka nusu. Na kando yake alikuwapo mtu, ameinama, mikono yake imeshika miguu ya ndama. Nilimfokea yule ng'ombe ainuke. Yule mtu aliposikia sauti yangu aliinuka kwa ghafla, akavuta nguo juu ya kichwa, akageukia ukuta.

Niliuona mgongo. Nikaliona tumbo kwa ubavu. Nikajua ni nani.

Mimi nilikuwa nimeuziba mlango, naye hana pa kukimbilia. Ilinipasa nitoke. Lakini ndama alikuwa ameachwa kichwa chini karibu na maji, na mjane alikuwa nje analia. Nikabaki pale, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, nawaza kama mjinga, mtu mzima na mvi zangu. Sikuona wala kusikia kitu kingine.

"Tata, nguzo."

Ndiyo sauti niliyoitaja mwanzo, na tata kwetu ni baba. Ilikuwa ya chini, nzito kidogo, si kama nilivyodhani kuwa itakuwa. Mwili wangu ukaganda. Sikuelewa neno lenyewe, nilielewa tu kwamba amenisemesha. Kisha mkono wenye matope ukanishika juu ya kiwiko, ukanivuta kwa nguvu hata nikapiga goti majini. Nyuma yangu nguzo ya mlango ikavunjika, na pembe ya paa ikashuka pale nilipokuwa nimesimama.

Aliiacha nguo yake ianguke. Alipasua ukuta wa mianzi kwa mguu, akamvuta ndama akamaliza kuzaliwa, akampitisha nje, akarudi tukamsukuma mtamba pamoja, bega kwa bega, hakuna aliyemtazama mwenzake. Tulitoka kwenye mwanga, mkono wake bado umenishika, nadhani hakujua kwamba umenishika.

Watu wote walikuwapo. Wale wafinyanzi wa Lyulilo, ambao hawanyamazi hata wakilala, walinyamaza. Mjane alimpokea ndama wake, na yeye pia hakuthubutu kushukuru kwa sauti. Mke wangu alivua kanga yake ya juu akamfunika mkamwana wetu kichwa hadi kiuno. Nilimsikia, mara ya pili na ya mwisho, akimwambia mke wangu, "Mama, nirudisheni kwetu. Nimeliua tumbo langu."

Wanyama wote walipona, na sikupata raha. Nilikaa juu ya kigoda changu kilicholowa. Mwenzangu wa rika alikuja akakaa chini karibu nami, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na mzaha.

"Ataondoka?" nilimwuliza.

"Itategemea wewe utasema nini."

Maji yalipopungua wazee wa pande zote mbili walikaa. Mimi ninayependa kusema nilisema kwa ufupi. Nilisema mkamwana hakuivunja heshima, niliivunja mimi siku nilipoweka kigoda njiani pa wanawake, na kosa likae kwangu. Nikatoa mtamba wangu bora kuliko wote, niliyemshusha mwenyewe kutoka mlimani, akapelekwa kwa baba wa mkamwana. Wazee wakanuiza waliyonuiza, wakanyunyiza maji, wakasema jambo limekwisha. Lakini tumbo halisikilizi wazee, na hadi alipojifungua sikulala vizuri. Alijifungua msichana mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Ubavu mpya ulimalizwa. Niliamuru uwe na milango miwili, mmoja upande wa nyumba yangu, mmoja upande wa bondeni, ili asibanwe tena mtu ndani. Nguzo nilichagua mwenyewe.

Na kengele ninatembea nayo. Imefungwa kwenye fimbo yangu, na vijana wa Itungi wasionijua huuliza mzee huyu anachunga nini. Asubuhi nikifika kwenye migomba ninaitikisa, nasimama. Ndani nasikia kikapu kikiwekwa chini, halafu miguu ikitoka kwa mlango wa bondeni, polepole, haikimbii. Mwenzangu wa rika, akiwapo, husema, "Punda mkubwa amefika." Nangoja hatua zile zipotee. Kisha naingia, nakuta sakafu imefagiliwa na vyungu vimejaa maji, na mtamba mwekundu wa mjane anageuza shingo kunitazama.