Wimbo wa Uhuru, Sauti ya Pili

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Buganguzi, na kijana anayefundisha kwaya ya parokia akanifuata hadi kibarazani na simu yake ya kurekodia. Alikuwa amesikia kwamba mwaka wa Uhuru shule yetu iliimba wimbo aliotunga mwalimu wetu mwenyewe, na kwamba katika waimbaji wale nimebaki mimi peke yangu. Aliutaka wimbo kabla nami sijaondoka. Hakusema hivyo, ana adabu, lakini nilimwelewa.

Basi ndugu yangu, nikuambie ilivyokuwa. Yalikuwa majira ya senene, wale panzi wa kijani tunaowala kwetu, na darasa zima lilinukia senene wa kukaanga tuliowaficha mifukoni. Mwalimu aliandika ubaoni herufi ambazo hazikuwa za kusoma: d, r, m, f, s, l, t. Kila moja ni noti, alisema, na noti ni sauti iliyopewa mahali pake pa kukaa. Nukta mbili zilitenganisha mapigo. Kistari kilimaanisha vuta, usiachie. Nafasi tupu ilikuwa pumziko, na hapo mwalimu alikuwa mkali kuliko penginepo: kunyamaza nako ni kuimba, mradi unahesabu. Nyumbani nikawa namenya ndizi huku nikihesabu moja, mbili, tatu, nne, bibi akauliza tangu lini chakula chake kinahesabiwa.

Kisha tukagawanywa. Sauti ya kwanza ndiyo yenye wimbo wenyewe, ule ambao watu huondoka nao mdomoni. Teno na besi, zile sauti nzito za chini, walipewa wavulana wakubwa, wengine wana ndevu tayari. Mimi niliitamani sauti ya kwanza kuliko hata sare mpya, nikapewa ya pili. Nililia njia nzima. Jirani yangu, binti wa nyumba ya pili, ambaye alipewa ya kwanza, akanibebea kuni zangu ili ninyamaze.

Sauti ya pili, usidanganywe, haina utamu ikiwa peke yake. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, halafu inakaa palepale mapigo manne wenzako wakipaa. Kila nilipomsikia jirani yangu nilivutwa, nikajikuta naimba yake. Mwalimu akanisogeza pembeni.

"Ziba sikio la upande wao," akaniambia. "Ukiipoteza sauti yako, upatano wote umekufa."

Upatano, alitueleza, ni sauti mbalimbali kukubaliana bila kufanana. Nikaziba. Wiki zote za mazoezi, na hata siku yenyewe, bendera mpya ikipepea mbele ya shule, niliimba kidole kikiwa sikioni, nikijisikia mimi tu. Watu walilia. Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema tumemkosha roho. Nami sikukosea hata pigo moja.

Karatasi zilikuwa adimu siku zile. Kila sauti ilinakili mstari wake tu, na ubao ukafutwa kwa ajili ya hesabu. Baadaye mwalimu alihamishwa, vikaja vijiji vya ujamaa na nyimbo zake nyingine, wavulana wakatawanyika. Jirani yangu aliolewa Kitendaguro, na huko ndiko alikozikwa.

Basi pale kibarazani nikaimba mwanzo hadi mwisho, mapumziko yote nikiyahesabu kwa vidole. Kijana alisikiliza kwa heshima, kisha akaendelea kungoja.

"Nimekusikia, mama. Sasa, waitu, tafadhali, niimbie wimbo wenyewe."

"Ndio huo, mwanangu," nikamwambia. "Huo ndio nilionao."

Akanishukuru sana, akaizima simu. Nilimwonea huruma, nikajionea na mimi. Tangu siku hiyo najaribu kuitafuta sauti ya kwanza, nikiwa jikoni, nikiwa shambani kwenye mibuni, na haiji. Ninamkumbuka jirani yangu vizuri kabisa: kidevu kimeinuka, macho kwa mwalimu, mdomo wazi na lile jino lake lililopishana. Namwona anaimba. Lakini alichokuwa anakiimba nilikizibia sikio.