Shauri la Nahodha Asiyekuwapo

Mwandawiro hakukata shauri lolote kabla mwenye amri hajatema maji. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na kwa miaka mingi aliishika kama mtu ashikavyo jembe la kuazima. Alikuwa mnyapara wa wakata mkonge karibu na Voi, na watu walimfuata awapatanishe na mabwana zao kwa kutasa, desturi ya Wadawida: kila mgomvi hutaja linalomchoma moyoni, hupiga funda la maji, kisha huyatema chini pamoja na hasira yake. Hata meneja Mzungu wa shamba alikubali kutema siku moja. Alilowesha viatu vyake mwenyewe, lakini tangu hapo wakata mkonge walipumzika adhuhuri.

Sifa zikampanda kichwani. Mwandawiro akawa hasemi bila kukohoa kwanza, hata akiomba chumvi.

Mwaka wa 1923 Mwanamina, mama mmoja Mwislamu wa pale Voi, alimletea shauri la mwanawe Ishaq. Kijana huyo alikuwa mtia makaa katika meli ya moshi, na alikuwa amekuja likizo pamoja na Miraj, serahangi wake, yaani msimamizi wa watia makaa. Kilio cha Ishaq kilikuwa kimoja: akimaliza zamu yake ya tanuri hapati kulala, kwani moto ukififia huitwa tena.

"Baba Gertrude," Wakio mkewe Mwandawiro akamwambia, "bahari umeiona lini wewe? Mto Voi ukijaa tu, unalala ng'ambo."

"Kazi ni kazi," akajibu, akakohoa.

Barazani kwa Mwanamina watu walijaa. Ishaq akasema yake, akatema. Miraj akapewa kikombe, akakishika asinywe.

"Mzee wangu, mimi nasimamia watu tu. Amri ni ya nahodha, na mkataba tuliutilia dole gumba bandarini. Nahodha mwenyewe yuko Kilindini, anakunywa chai."

Hapo Mwandawiro alipaswa kuinuka aende zake. Lakini watu walikuwa wengi, wote wanamtazama yeye, na Mwanamina alikuwa amepika.

"Basi mtemee wewe," akasema.

"Nimtemee nahodha?" Miraj akacheka. "Akisikia atanitosa!"

"Kwa niaba yake, bwana!"

Miraj akapiga funda, akatema. "Haya. Yangu yametoka. Ya nahodha yangali kifuani mwake."

Baraza zima likaangua kicheko. Mwandawiro akakohoa, akakata shauri: mtia makaa akitoka zamu haitwi tena mpaka alale. Vigelegele vikapigwa, pilau ikaliwa. Ishaq peke yake hakucheka. Yeye alisadiki.

Safari iliyofuata, kabla meli haijafika Unguja, Ishaq akaitwa tena baada ya zamu yake. Akakataa kuinuka.

"Inuka, mwanangu," Miraj akamsihi. "Yale yalikuwa ya nyumbani."

"Serahangi, si ulitema?"

Nahodha akateremka mwenyewe. Ishaq akamweleza kwa adabu kwamba jambo hilo lilikwisha kukatwa Voi.

"Huyo Voi ni nani?" nahodha akauliza.

Meli ilipotia nanga Unguja, Ishaq akashushwa kwa kukataa amri.

Habari zilipomfikia Mwandawiro, alivaa koti lake la kanisani akapanda treni mpaka Mombasa, katika ofisi ya mabaharia. Akakohoa, akajieleza. Karani akamsikiliza mpaka mwisho, naye hakumdharau.

"Mzee," akasema, "hata msuluhishi wa ofisi hii hutazama tu kama mkataba umefuatwa. Hana ruhusa ya kuongeza neno ndani yake. Na wewe umeongeza."

"Nimeongeza usingizi tu."

"Ndio huo."

Mwandawiro hakuwa mtu mbaya, na alilolitaka lilikuwa haki. Lakini haki hutamkwa na mwenye uwezo wa kuitimiza. Asiye nao akiitamka, humtwisha mnyonge ahadi tupu, na mnyonge ndiye huenda nayo mbele ya mkubwa. Alilijua hilo. Ndiyo maana alijiwekea sheria, na aliivunja kwa ajili ya vigelegele.

Hakuna meli nyingine iliyomchukua Ishaq. Alirudi Voi akawa mkata mkonge, na kazi ya bahari, ambayo aliipenda pamoja na taabu zake zote, hakuipata tena.