Skii za Metrine

Metrine, ambaye leo ufunguo wa karakana yetu unaning'inia kiunoni mwake, sikumpenda tangu siku ya kwanza alipoingia na kuuliza spana namba kumi na saba iko wapi. Watu wa kaunta ya viatu hawaulizi spana. Yeye ndio kwanza alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka kaunta ya viatu: mwaka mzima aliwavalisha wageni buti za kutelezea kwenye ukumbi wa theluji hapa Al Barsha, Dubai. Kwao ni Webuye, na amelelewa kwenye mashine ya kusaga unga ya mjomba wake, akibadilisha mikanda na bushi kabla hajajua kusuka nywele. Hayo alinisimulia mwenyewe kwenye basi la kampuni, tukirudi kulala Al Nahda. Sikuwa nimemuuliza.

Mimi ni Elisante, mtu wa Machame. Nimekua nikiiona theluji juu ya mlima kila asubuhi, na ingawa sikuwahi kuigusa mpaka nilipofika Dubai, nilijiona mwenye mali. Miaka minne nilingoja cheo cha fundi mkuu wa mitambo ya theluji. Mama nilikuwa nimeshamwambia nimekipata, naye akakitangaza kanisani. Nafasi ilikuwa moja tu, na kule Machame ilikuwa yangu tayari.

Agosti, pikipiki yetu ya theluji ikaanza kuyumba. Ndiyo inayopanda mteremko kumfuata mgeni aliyeanguka. Mbele haina gurudumu, ina skii mbili, kama mbao ndefu za kutelezea, na skii zile zilikuwa zimelika na kulegea: unakata usukani kushoto, zenyewe zinafikiria kwanza. Injinia Sufyan, mzaliwa wa hapa hapa ambaye bibi yake ni wa Unguja, akatuita karakana nzima.

"Atakayezikamata skii hizi zisicheze," akasema, "ndiye ntakayempa ufunguo na cheo."

Akanitazama mimi. Nani mwingine?

Nikaitoa pikipiki uani, kwenye joto la nyuzi arobaini na tano, maana ukumbini ni chini ya sifuri na vidole havishiki nati. Nikabadilisha vyuma vya chini vilivyolika, nikatia bushi mpya za plastiki, zile pete zinazoivaa bolti, nafasi iliyobaki pembeni nikaijaza washa, visahani vya chuma vyenye tundu katikati, nikakaza. Nikaitikisa: kimya. Khalas! Nikairudisha ndani. Kesho yake skii zinacheza. Nikarudia, zikacheza. Mara ya tatu nikasema spea ni feki.

"Kaka Eli," Metrine akasema, "kwani hii kitu inafanya kazi nje ama ndani?"

"Ndani."

"Na unaipima nje. Hiyo plastiki imefura na jua, unaona imejaa. Ikiingia kwa baridi inanywea, nafasi inarudi."

Nilimcheka mbele ya watu. Nilipomaliza kucheka nikajua amesema kweli, na hapo ndipo kijicho kiliponishika sawasawa. Kosa langu lingeweza kuonwa na mtu yeyote. Kwa nini alione yeye?

Aliomba ajaribu, Sufyan akakubali. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nikajiambia, nikakaa kungoja ukingo. Aliilaza pikipiki kwenye theluji pamoja na bushi na trei ya washa, vyote vipoe sawa. Siku mbili alifanya kazi mle ndani kwa magoti, akivua glavu kufunga nati, akizivaa, akizivua tena. Kila skii aliipa washa tatu nyembamba. Bolti aliikaza kwa kiasi, ncha ya mbele iweze kuinuka na kushuka bila skii kuyumba pembeni. Alipokwenda kunywa chai niliitikisa kwa nguvu zangu zote. Haikucheza hata kidogo. Mimi chai ilinishinda siku ile.

Asubuhi ya jaribio niliwahi basi la kwanza. Roho ya korosho haina usingizi. Nilifungua skii ya kushoto, nikatoa washa moja, nikafunga kama nilivyoikuta. Washa nikaitia mfukoni mwa suruali, chini ya koti zito.

Saa tatu Sufyan akapanda mteremko, akakata kona mbili, akarudi.

"Ya kushoto yacheza bado, Metrine."

Akanigeukia, nami nikajua jina linalofuata ni langu.

Metrine akachukua spana. Alipiga magoti, akafungua, akahesabu kwa kidole. "Niliweka tatu," akasema polepole. "Ziko mbili." Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu, upande niliposimama nimemshikia trei ya washa.

Kuna jambo wasio mafundi hawalijui. Fundi aliye chini akinyoosha mkono, unaujaza. Hufikiri. Nimefanya hivyo tangu gereji ya Moshi, nikiwa na usingizi, nikiwa na njaa, nikiwa nimenuniana na mwenye mkono. Alitaka washa nyembamba, na mkono wangu ulijua iliko. Haukwenda kwenye trei. Ulikwenda mfukoni, ukatoka, ukamwekea kiganjani.

Trei ilikuwa imelala kwenye theluji usiku kucha, na kila washa iliyokuwamo ilikuwa baridi ya kuuma. Hii ilikuwa na joto la paja langu. Akakifumba kiganja. Akageuka, akanitazama, na mimi nikangoja aseme. Nilitaka aseme, apige kelele hata, nipate sababu nzuri ya kumchukia.

"Yalla, vipi tena?" Sufyan akauliza.

"Dakika mbili, injinia." Aliifukia ile washa kwenye theluji kando ya goti lake, akaishikilia pale kwa vidole vitupu. "Hii bado iko moto. Tukiifunga hivi, itatudanganya."