Maji Ndani ya Dizeli

Meshack, dereva wa Landkruza ya kambi ya wakimbizi, hakutaka kusikia neno baya kuhusu gari lake. Siku moja mwaka 1997 alikuwa akimkimbiza Ndayikunda, mkimbizi kutoka Burundi aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, kwenda hospitali Kigoma. Walipofika mlimani gari likakohoa mara tatu, likazima.

"Limechoka na mlima," Meshack akasema. "Tuliache lipumzike."

"Lipumzike?" Ndayikunda akajiinua kitini. "Kaka, mimi nimetengeneza malori Bujumbura miaka minane. Mara ya mwisho umemwaga lini maji ya kwenye filta?"

Meshack akajibu kwamba gari lake linakunywa dizeli, si maji.

"Fungua boneti! Legeza ile nati chini ya filta, ukinge na... Mana yanje, Mungu wangu!"

Uchungu ulimbana, na Meshack akaganda na spana mkononi mpaka ulipopita. Kisha akakinga kikombe, akalegeza nati. Kikombe kikajaa maji ya rangi ya chai, dizeli kidogo ikielea juu. Akatamani ardhi immeze.

"Kaza. Sasa bonyeza ile pampu ya juu mpaka iwe ngumu. Bonyeza, baba, bonyeza!"

Akabonyeza huku akitweta na kuguna, hata mpita njia angedhani yeye ndiye anayejifungua.

Gari likawaka. Dakika kumi baada ya kufika hospitali, mtoto wa kike akazaliwa.

Jioni Meshack alirudi na chupa ya uji. "Hongera, fundi," akasema kwa adabu. "Nimeshafunga filta mpya."

"Na tangi umeliosha?" Ndayikunda akauliza huku akinyonyesha.

Meshack akaweka uji mezani, akaenda kuosha tangi.