Firigisi ya Baba Mwenye Nyumba

Mimi nyama hainidanganyi. Niliishia darasa la saba, lakini nyumba hii ya Miyuji nimeijenga kwa kuuza mbuzi wa Chemba. Jioni hiyo mke wangu alitenga kababu za bata mzinga, kazioka bila mafuta kwa ajili ya presha yangu. Nikazikagua. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na sikuiona.

“Mama watoto, nani kala firigisi yangu?”

“Nimeisaga humo humo, baba.”

Sikuamini hata kidogo. Nikawatazama wanangu midomo, mmoja mmoja, wanavyotafuna. Binti yetu akacheka: “Basi leo sote ni wenye nyumba!”

Nikavuta sinia lote mbele yangu, nikala mpaka kababu ya mwisho, nikiitafuta.